Mishikio ya Fundi Cheche

6 Januari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama naye mzima, na yule jirani yenu anayelia kila akipigiwa simu naye mzima, ingawa huyo simwombei sana. Mimi sijambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini hali ni ile ile uliyoiacha hospitali mwaka juzi, baada ya pikipiki kunipitia, siku ile ulipomwambia daktari kwamba hata lori likivunjika ekseli hulazwa uani likatengenezwa, ni yeye tu asiyeijua kazi yake.

Umenikataza kukupigia simu kwa sababu nikikasirika nakata. Haya, nimekaa chini kuandika. Kukaa chini ndiyo kazi ninayoiweza siku hizi.

Nimehamia chumba cha chini, nyuma ya duka la rangi. Kina bafu lake, na bafu ndilo linalonitesa. Hakuna cha kushikilia. Kutoka kwenye kiti changu cha magurudumu kwenda kwenye choo najirusha kama gunia, na kurudi hivyo hivyo. Mlango wa nje una ngazi tatu. Vijana wa duka la rangi hunibeba kama kabati, na kuna mmoja hapo ambaye kila siku huuliza kabati linapelekwa wapi.

Ofisi imenisaidia. Walikuja watu wanane kuniletea kiti kimoja cha kuogea, wa tisa mpiga picha. Kiti ni cha plastiki nyeupe, kina miguu minne, mitatu inagusa sakafu na wa nne upo upo tu. Karatasi ya maelekezo inasema: "Kaa kiti kwa tahadhari ya furaha. Usisimame wakati umesimama." Mimi ni msahihishaji chapa, Mjomba, nimesoma upuuzi mwingi kwa mshahara, lakini huu ni wa kwanza kunitaka niukalie.

Nataka mshikio wa chuma wa pembeni ya choo, mwingine wa kuogea, na mteremko wa kupitisha kiti changu juu ya zile ngazi. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Mkubwa wa kazi amesema meza yangu itaningoja mpaka mwisho wa Machi, baada ya hapo "tutaangalia". Wakubwa wakisema tutaangalia, ujue wameshaangalia.

Mpwa wako,
Binti Kasoro, kwa jina ulilonibandika mwenyewe


20 Januari

Binti Kasoro, marahaba.

Mama yako mzima, anasema ule. Dada yako tumbo limekuwa kubwa na mama yako ameshafunga mizigo kwenda kumwangalia, ingawa mtoto mwenyewe bado hajasema anakuja lini. Mimi sina nafasi hata ya kujikuna. Mageti yamenizonga kushoto na kulia. Kila mtu aliyejenga vyumba viwili sasa anataka geti lenye maua na vichwa vya simba, kama kwamba kuna mtu amepanga kwenda kumwibia.

Hicho walichokuletea si kiti, ni sahani iliyoota miguu. Watu wanane. Mimi nilisimamisha tangi la maji la shule nikiwa na watu wawili, mmoja amelewa. Irudishe hiyo sahani. Kama hawaitaki, pandia maua.

Nitakutengenezea vyote vitatu, kwa bomba nene, si yale mabati ya kukunja wanayouza madukani kwenye makaratasi yenye picha ya kizee kinachocheka. Anacheka nini chooni?

Ila vipimo vyako sivitaki. Watu mliosoma mnapima ukuta kama mnavyojipima nguo, mnapunguza ili mjione wembamba. Chukua kamba ya katani. Inyooshe kutoka ukutani mpaka mshikio uishie, funga fundo. Kamba moja ya choo, moja ya kuogea, moja ya ngazi kutoka juu mpaka chini na fundo jingine la kwenda mbele. Mafundo yawe makubwa, yashikike. Zitume kwa basi la asubuhi.

Mjomba wako


2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mageti yamekuzonga. Msalimie mama, mwambie nakula.

Kamba zako zimo kwenye mfuko mweusi. Tangu lini fundi wa chuma akapimia kamba kama mchimba kaburi? Tepu yako ya kupimia, ile uliyonichapa nayo nilipoichezea, imekwenda wapi? Nimetambaa bafuni nusu siku nikifunga mafundo. Mama mwenye nyumba akafungua mlango bila kubisha, kama kawaida yake, akanikuta sakafuni.

"Si nilikataza kuanika nguo ndani?"

"Sianiki. Napima."

"Unapima nini?"

"Mahali pa kufunga chuma cha kushikilia."

Akatazama vigae vyake kama mama anayetazama watoto wanaotaka kuchukuliwa. "Nyumba hii si hospitali," akasema.

"Hospitali hawafungui mlango bila kubisha," nikamwambia.

Akaondoka. Kwake hiyo ni ruhusa, au mimi nimeichukua hivyo.

Kwa nini usije ufunge mwenyewe? Ni siku moja ya basi. Utalala kwenye godoro langu la akiba, utamtukana mama mwenye nyumba kwa niaba yangu, utarudi. Zamani ulikuwa unasafiri mbali zaidi ya huku kwenda kumkosoa fundi mwenzako.

Binti Kasoro


5 Machi

Binti Kasoro, marahaba.

Usiniulize kwa nini nimekawia. Chuma si chapati.

Mzigo nimeutuma kwa basi. Mteremko ni mzito, usimruhusu yule wa kuuliza kabati aushike peke yake, ataangukiwa halafu utaitwa muuaji. Nimeuwekea kingo pembeni gurudumu lisitoke. Mshikio ni mmoja kwanza, wa choo. Huo mwingine utafuata.

Kuja siwezi. Nimekueleza habari ya mageti, hukusikia. Kuna mwenye baa anataka geti la kuteleza, kuna mchungaji anataka uzio, kuna mwalimu mstaafu anataka dirisha ambalo hata yeye halijui, analichora hewani kwa vidole. Nikiwaacha siku mbili watakimbilia kwa wale vijana wa kona, wanaochomelea kama wanaopaka siagi.

Ulizia tepu yako mwenyewe, ya kwangu iache.

Mama yako kaenda kwa dada yako. Mtoto bado. Nyumba imenyamaza, nasikia hata mende wakipita.

Mjomba wako


16 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mzigo umefika. Mteremko, nasema mara moja tu na usije ukaninukuu, ni mzuri. Umelala juu ya ngazi kama uliozaliwa hapo. Umeinama kidogo kushoto, kwa hiyo nikishuka natoka nikiwa nimejipinda kama mtu anayechungulia kwa jirani, lakini natoka. Jumatatu nimekwenda kazini mwenyewe. Yule kijana wa duka la rangi alisimama mlangoni na mikono yake mitupu, akaniuliza leo kabati linaenda peke yake? Nikamwambia limeajiriwa.

Sasa mshikio. Umepinda, Mjomba. Upande mmoja uko juu, upande wa pili uko chini, ukutani unaonekana kama mkono wa mtu anayeomba lifti. Fundi wa mtaani aliyeufunga aliweka pimamaji, akatazama, akaliondoa pimamaji akaliweka mfukoni bila kusema kitu. Hiyo ndiyo adabu yake. Mimi sina. Kazi hii kama angeileta mmoja wa wale vijana wa kona ungemfukuza mpaka barabarani.

Na barua yako ya mwisho, mistari inapandana. "Mchungaji" amekaa juu ya "mwenye baa", jambo ambalo waumini wake wasingelipenda. Unaandikia wapi siku hizi, juu ya goti?

Lakini naushika, na nahama bila kujirusha. Asante. Na hiyo pia usininukuu.

Binti Kasoro


2 Aprili

Binti Kasoro.

Ukuta wako ndio umepinda. Nyumba za kupangisha hujengwa na watu waliofukuzwa kujenga mabanda. Ukifunga chuma kilichonyooka kwenye ukuta mlevi, kitaonekana chuma ndicho kilicholewa. Mwambie fundi wako pimamaji alipime kwanza kichwani kwake.

Naandikia mezani, kama watu. Wewe soma habari, achana na mistari. Hiyo kazi ya kutafuta makosa ya watu uifanye kule unakolipwa.

Nimekuletea mshikio wa kuogea, uko kwenye basi hili hili. Nimeufanyia kazi mara mbili. Ukiuona umepinda, pinda na wewe kidogo, mtalingana.

Dada yako amejifungua mtoto wa kike. Mama yako kanipigia, anasema atakaa huko mpaka mtoto akaze shingo. Naye shingo yake ngumu, kama ukoo wote.

Mjomba wako


9 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Nimechelewa kuandika, usihesabu. Mshikio wa pili ulifika, sijaufunga bado. Nipe habari za huko. Barua yangu ni fupi, utaona mwenyewe kwa nini.

Binti Kasoro


21 Juni

Binti Kasoro, marahaba.

Siku zote hizo, halafu unaniandikia telegramu. Kwa nini fupi sijaona, labda umeshakuwa mkubwa wa kazi huko, maneno unayapima. Lakini mwandiko wako ni ule ule, mzuri, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Shule niliyokupeleka kwa baiskeli haikupotea bure.

Huku nimejaa kazi. Yule wa geti la kuteleza amefurahi mpaka anataka jingine la nyuma. Nimemwambia asubiri zamu yake. Mama yako bado yuko kwa mjukuu.

Ule mshikio wa kuogea unangoja nini? Funga. Chuma kikikaa sakafuni kinaota kutu na fundi wake anaota uchungu.

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Salamu nyingine zitafuata mbele, kama zitafuata.

Mwishoni mwa Aprili nilikuwa nahama kutoka chooni kurudi kwenye kiti changu. Nikaushika mshikio wako, nikaweka uzito wangu wote kama nilivyozoea. Bomba likabaki mkononi mwangu, na bamba lake likabaki ukutani. Nikaanguka kati ya choo na ukuta, mkono wa kulia chini yangu. Kifundo cha mkono kimevunjika. Mama mwenye nyumba alisikia kishindo akaja, safari hii kufungua bila kubisha kulinifaa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna kigae kilichopasuka. La pili nadhani lilinihusu mimi.

Sikukuambia. Nilifikiri ni bahati mbaya, na nilijua ungelala njaa. Nikampelekea fundi wa mtaani kile chuma akitengeneze. Akakigeuza juani, akapitisha kidole. Akaniambia, "Dada, aliyechomelea hiki alikuwa amelewa, au haoni. Tazama. Mshono wote umepita pembeni ya maungio. Bomba lilishikwa na doa moja tu."

Nikamtukana. Nikamwambia mjomba wangu amechomelea tangu yeye hajui kuvaa viatu, na pombe hanywi. Akasema, "Mimi nimetaja mawili, dada. Moja umelikataa."

Nikarudi nyumbani nikazitoa barua zako. Mistari inayopandana. Kamba zenye mafundo ya kushikika. Kila nikikuomba uje, mageti.

Kwa hiyo nikakuandikia kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye plasta. Herufi zilikuwa kama kuku waliofukuzwa. Nilidhani utashtuka, utauliza nimepatwa na nini. Mtu yeyote mwenye macho angeuliza. Wewe ukanisifia askari wa gwaride.

Nani alikusomea barua ile? Usinijibu kuhusu ukuta. Usinijibu kuhusu vijana wa kona. Unaona au huoni?

Mpwa wako


17 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Hukujibu. Simu yako umeizima, au umeikanyaga.

Mama amerudi na nimempigia. Amenieleza yote uliyomkataza kusema. Kwamba barua zangu alikuwa anakusomea muuza dawa wa ng'ambo ya barabara, mtu anayeshinda akisoma miandiko ya madaktari na anadhani watu wote huandika hivyo. Kwamba ni presha ya macho, na daktari alikuambia mwaka jana kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kwamba ukamwambia daktari ayatie matone kwenye chai yake. Kwamba geti la kuteleza halipo, mwenye baa alihamia kwa vijana wa kona mwaka jana, na mchungaji hakurudi tena. Na kwamba tangu barua yangu umefunga karakana, unakaa ndani umegeukia ukuta kama mtu aliyekamatwa na kuku wa wenyewe.

Nimekasirika. Sitakudanganya kwamba mkono si kitu, ulikuwa kitu. Nililala pale chini nikitazama mshono wako. Na nimekasirikia uwongo zaidi, maana mshono hukuuona, uwongo uliuona.

Lakini sikiliza. Nilipotoka hospitali watu walinishika kama yai. Wakawa wanaongea kwa sauti ya chini, kana kwamba pikipiki ilinipitia masikioni. Wewe peke yako uliingia, ukasikiliza kiti changu kikipita, ukasema kinalia kama fisi, nikipake grisi au nikakae nacho nje. Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. Sasa ni zamu yako, na huruma sina ya kukupa, nimeitafuta sikuipata. Acha ujinga. Tia matone.

Kazini, kwa faida yako: nilipokuwa na plasta meza yangu wakampa mpwa wa mhasibu. Nilipopona nikaenda. Wakaniambia nisubiri. Nikasubiri mlangoni kwa mkubwa wa kazi, katikati, breki nimefunga. Kila aliyetaka kuingia alinipita kwa ubavu akiwa amevuta tumbo. Siku ya pili kalenda ikatoka kiwandani ikiwa na Februari mbili na haina Machi. Meza nimerudishiwa kabla ya chakula cha mchana.

Nijibu. Mwambie mama akuandikie.

Binti Kasoro


6 Septemba

Binti Kasoro, marahaba.

Anayeandika ni mama yako. Nimemwambia aandike ninavyosema asiongeze chumvi. (Siongezi. Mama.)

Unauliza naona au sioni. Nilianza kwa kutoona pembeni. Nikawa najigonga milangoni, nikalaumu milango. Baadaye dunia ikawa naichungulia kama kwenye bomba. Nikawa nauona mwanga wa kuchomelea lakini maungio siyaoni, nafuata kwa mazoea. Mkono ulikuwa unajua njia. Nilidhani unaijua.

Wateja waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakisema watarudi. Ikaja barua yako. Nikasema huyu ni mtoto wangu, anataka vitu vitatu, hajui kitu, na nikimkatalia nitakuwa sina tena hata mtu mmoja duniani anayetaka chuma kutoka kwangu. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine nzuri zaidi. Nilipitisha vidole juu ya ule mshono nikasikia mwinuko, nikasema umeshika. Sikuuvuta. Ningeuvuta ungekatikia mkononi mwangu, nisingekutumia. Sikuuvuta kwa sababu niliogopa kwamba ungekatika.

Uliposema mkono, sikuweza kula. (Kweli. Nilirudi nikamkuta mifupa. Mama.) Nimesema usiongeze.

Matone natia. Yanawasha kama pilipili na hayana faida ninayoiona. Mashine nimeifunika turubai. Karakanani sasa wanalala paka.

Sasa nina aibu moja, na nakuambia kwa sababu wewe umeshavuka huko. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, unakumbuka, upite karakana, upite mtaro. Mama yako hunishika bega akanipeleka kama mbuzi wa sokoni. Anangoja nje. Anaimba ili nisijisikie vibaya, na hajui kuimba. Mzee kama mimi, Fundi Cheche, nasindikizwa chooni kwa nyimbo. Fimbo wameniletea, nimeitupa mtaroni. Inatukanisha.

Mkono wako je?

Mjomba wako


2 Oktoba

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo, na usiache kuongeza.

Mkono umepona, umebaki na ukorofi asubuhi. Mishikio yote miwili fundi wa mtaani ameikata, akaichomelea upya. Bomba lako ni zuri, amesema siku hizi bomba nene hivi halipatikani. Kuhusu mshono hatukuzungumza. Nimevuta kila mmoja kwa nguvu zangu zote kabla ya kuutegemea. Naoga, nahama, mama mwenye nyumba ameanza kubisha hodi, ingawa anabisha huku ameshaingia.

Sasa wewe. Usipokee kwa kiburi. Kwenye basi kuna mzigo wa mabomba, kazi ya fundi huyo huyo. Ni uzio mwembamba wa kushikilia, kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, pamoja na nguzo zake za kuchimbia chini. Vipimo nimemuuliza mama, naye amepima kwa tepu yako, ipo, alikuwa amefungia godoro. Penye mtaro bomba linapinda kama goti na kushuka kidogo, hapo ujue uinue mguu. Ndani ya choo kuna mshikio mmoja wa kusimamia na mmoja wa kukalia.

Najua utasema uzio ni wa ng'ombe. Najua utasema majirani watacheka. Mimi nilibebwa kama kabati mbele ya mtaa mzima, na yule wa kuulizia safari za kabati bado yupo. Nilipopata mteremko hakuna aliyecheka tena, walianza kunipisha njia. Huo mteremko uliutengeneza wewe, ukiwa huoni, na ndio unaonipeleka kazini kila siku. Umepinda. Natoka nimepinda.

Ulifunge hilo bomba, au mama aendelee kuimba. Chagua.

Binti Kasoro


20 Oktoba

Binti Kasoro, marahaba.

Anaandika mama yako tena. Amevaa miwani, anajiona karani.

Mzigo ulifika. Nimeukagua wote kwa vidole, bomba moja baada ya jingine, na nimeyavuta yote, kila moja, nikiwa nimekanyaga chini kwa miguu miwili. Hakuna kilichokatika. Sasa nieleze huyo fundi wako alijifunza wapi. Mishono yake ina mabonge kama mapunye kichwani kwa mtoto. Hajui kusaga. Pembe ameziacha zina meno, mama yako ametoboa kanga yake. Nguzo ya tatu imesimama kama inayosikiliza umbeya. Kijiti cha kuchomelea anakishika karibu mno, anakimbia sana, ana haraka ya kwenda kula. Nilipokuwa mimi nafundishwa, kazi kama hii ningevishwa shingoni nikapitishwa nayo sokoni.

Wachimbaji wamechimba, nguzo zimesimama. Jirani yetu wa kulia alikuja kuangalia akalia. Nikamwambia hakuna msiba, ni choo.

Siku ya kwanza mama yako alinifuata nyuma, anadhani sisikii kandambili zake. Nikasimama, nikamwambia, "Dada, rudi." Akasema hajafuata, anaenda kuchukua kuni. Huko hakuna kuni. Nikangoja mpaka aliporudi ndani. Nikashika bomba, nikapita karakana, nikafika kwenye goti, nikainua mguu, nikavuka mtaro. Nikaingia. Nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyokuwa na haja, hakuna aliyeimba. Nikarudi.

(Alirudi amenyooka. Akaomba chai, akasema chai ni mbaya. Mama.)

Ni mbaya kweli.

Sasa nina neno. Mmenipeleka chooni mkadhani mmemaliza. Mimi ni mtu wa kwenda chooni tu? Kutoka mlango wa mbele mpaka barabarani ni pafupi kuliko huko nyuma. Nataka kufika barabarani. Nataka kukaa pale kwenye gogo, wale vijana wa kona wakipitisha mageti yao kwenye mkokoteni nisimamishe, nipapase, niwaambie. Siku hizi wanapita bila hofu kwa sababu wanajua niko ndani.

Kwa hiyo ongeza mabomba. Na safari hii huyo fundi wako asiyatume kwa basi, aje nayo mwenyewe. Mashine yangu iko chini ya turubai, tutawafukuza paka. Mimi sitagusa kijiti, usiogope. Atachomelea yeye, nami nitakaa pembeni nisikilize. Mshono mzuri una mlio wake, kama kitu kinachokaanga taratibu, na ukienda kombo nitausikia kabla yeye hajauona. Mwambie alete nguo za kubadilisha, atakaa zaidi ya anavyodhani. Mwambie pia mimi si mtu mwepesi.

(Ameshaanza kufagia karakana. Amepiga kichwa kwenye mashine, anailaumu mashine. Mama.)

Mjomba wako